Ardhi Iliyo Shahidi: Hadithi za Jinai za Kaskazini na Miombo ya Katavi

Katika hadithi nyingi za jinai zitokazo Uswidi, Denmark, Norwei na nchi jirani zao, muuaji hujulikana katika kurasa za mwisho, lakini ardhi hujulikana tangu ukurasa wa kwanza: theluji iliyoyafunika mashamba, bahari yenye rangi ya chuma, giza liingialo alasiri na kudumu hata asubuhi ya pili, na nyumba iliyojitenga peke yake hata kilio cha mwenyewe kisimfikie jirani. Msomaji wa Mpanda, mji wa Katavi, ambaye hajapata kuiona theluji kwa macho yake huzisoma hadithi hizo, au huzitazama katika sinema, na baada ya muda hutambua kwamba shauku iliyomshika imezidi ile ya kumjua muuaji. Ameshikwa na shauku ya kuijua nchi, kwa sababu kila alilolitenda muuaji lilikuwa limekwisha kuandaliwa na nchi yenyewe, kwa baridi yake, kwa masafa yake, kwa desturi zake na kwa dhulma zake zilizositiriwa. Nalitafakari jambo hili kutoka katika ardhi ya Katavi, maana naamini kuwa mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ambao wengi hupita juu yake katika ramani bila kusimama, una hadithi za namna hiyo zisizoandikwa bado, na kutoandikwa kwake ni hasara ya lugha yetu nzima.

Asili ya sanaa ile ya kaskazini yafaa ikumbukwe. Mwaka 1965 Maj Sjöwall na mwenziwe Per Wahlöö walianza kutoa riwaya za mpelelezi Martin Beck wa Stockholm, wakafikisha riwaya kumi kufikia 1975, mwaka ambao Wahlöö alifariki. Beck hakuwa shujaa wa ajabu: alikuwa mtumishi wa serikali mwenye tumbo bovu na ndoa iliyopoa, aliyefanya kazi kwa saburi, akingoja majibu ya barua na kuzipekua nyaraka hata macho yakamwuma. Lakini nia ya waandishi wale wawili ilikuwa kubwa kuliko kisa chochote kimoja. Uswidi ya wakati ule ilisifiwa duniani kuwa ni nyumba ya wote, ambamo mgonjwa hutibiwa, mzee hutunzwa na mtoto wa maskini husoma; nao wakataka kuiuliza nyumba hiyo nani amesahauliwa katika vyumba vyake vya nyuma, na wakaona kuwa swali hilo likiulizwa katika hotuba halitasikilizwa, ila likiulizwa juu ya maiti kila mtu atageuza shingo.

Miaka ishirini na moja baada ya riwaya ile ya kwanza, usiku wa tarehe 28 Februari 1986, Waziri Mkuu wa Uswidi, Olof Palme, ambaye jina lake lilijulikana sana Tanzania kwa ajili ya msaada wa nchi yake kwetu na kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, alipigwa risasi barabarani mjini Stockholm alipokuwa akirudi kutoka sinema pamoja na mkewe, bila mlinzi. Upelelezi ulikwenda miaka thelathini na minne, ukafungwa mwaka 2020 kwa kutajwa mtu aliyekwisha kufa, ambaye hakupata kusimama kizimbani. Taifa lililozoea kuamini kwamba kila faili lina mwisho likajikuta lina faili lisilo na mwisho, na sidhani kuwa ni sadfa kwamba riwaya za jinai zilizofuata zilijaa huzuni iliyozidi ile ya Martin Beck.

Katika waandishi waliofuata, aliye karibu nasi kuliko wote ni Henning Mankell, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015. Mtu huyu alikuwa na makao mawili, moja kwao na moja Maputo, alikoongoza kwa miaka mingi maigizo ya Teatro Avenida, na mwenyewe alikuwa akisema kuwa kuiangalia Ulaya kutoka Afrika kulimsaidia kuiona vema. Mpelelezi wake, Kurt Wallander, anaishi Ystad, mji mdogo wa kusini ya Uswidi, katika nchi tambarare ya mashamba, upepo na matope. Katika riwaya ya kwanza ya Wallander, iliyotoka 1991, mkulima mzee na mkewe washambuliwa kikatili nyumbani mwao. Mke, kabla ya kukata roho, atoa kauli inayoashiria wageni, na mara kauli hiyo ikivuja, hasira ya watu yageukia kambi za wakimbizi, ikawa mtu asiye na hatia yoyote auawa kwa ajili ya asili yake. Hapo jinai moja imezaa ya pili, na ile ya pili ndiyo yenye kuihukumu jamii. Naomba msomaji aiweke riwaya hiyo akilini, kwa kuwa Katavi ni mkoa wa wakimbizi, nami nitalirudia jambo hilo.

Sinema za huko zimeufuata mwendo huohuo. Katika filamu ya Norwei iitwayo Insomnia, ya mwaka 1997, mpelelezi amwua mwenzake kwa bahati mbaya ndani ya ukungu, kisha aficha kosa lake. Lakini mambo hayo yatokea kaskazini ya mbali, majira ya joto, wakati ambao jua halichwi, na nuru ile isiyoisha yamnyima usingizi hata uongo wake wenyewe ukaanza kumla. Na tamthilia ya Daraja, iliyoanza mwaka 2011, yaanza kwa maiti kuwekwa katikati ya daraja liunganishalo Denmark na Uswidi, juu ya mstari wa mpaka hasa, ili serikali mbili zilazimike kuulizana marehemu ni wa nani. Katika filamu ya kwanza jua ndilo hakimu. Katika tamthilia hii mpaka ndio fumbo.

Basi ardhi ya Katavi, ikiitwa kutoa ushahidi, itasema nini? Mwenye kuifahamu ajua kuwa mwaka wa huku una nyuso mbili. Tangu Mei hadi Oktoba mbingu hufunga. Mto Katuma hupungua hata ukawa madimbwi, na viboko kwa mamia husongamana katika tope la Ikuu wakigombea mahali pa kuloweshea migongo, ilhali mamba hujitia ndani ya mashimo ya kingo wakingojea mvua. Nyasi huchomwa, na juu ya majivu yale kila kiumbe huacha habari ya alikopita. Askari wa wanyamapori huzisoma nyayo hizo kwa utulivu wa mtu asomaye barua: huyu alikuwa peke yake, huyu alibeba mzigo maana kisigino kimezama, hawa walipita kabla ya umande wa jana. Kisha Novemba mvua hushuka na ushahidi wote, majivu kwa nyayo, husombwa kwa usiku mmoja. Njia za udongo hukatika, vijito vilivyovukwa kwa mguu hugeuka vizuizi, na habari ya kifo kilichotokea kijijini Jumatatu yaweza kufika kituoni Ijumaa, wakati ambao mwili umekwisha kuzikwa, nyumba imekwisha kufagiwa, na wazee wamekwisha kukaa na kusemezana.

Mandhari hii mtu asidhani kuwa ni ya maumbile matupu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo leo ina kilomita za mraba 4,471, huonekana kwa mgeni kuwa pori ambalo halikukaliwa tangu kuumbwa dunia. Lakini mapori ya magharibi ya Tanganyika yalipanuliwa kwa amri. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza, kwa kuchelea malale yaenezwayo na ndorobo, iliwakusanya watu katika makazi makubwa, ikayaacha mashamba na makaburi ya wazee wao yarudiwe na miombo. Mpanda nayo ilikuzwa kwa madini ya risasi. Reli ya kilomita zipatazo 210 ikavutwa kutoka Kaliua kuyafuata madini hayo karibu na mwaka 1950, na miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Mwandishi wa kaskazini angeliona jambo hilo mara moja na asingeliacha: reli iliyojengwa kwa ajili ya mali iliyokwisha, na mji uliobaki mwishoni mwa reli, ukijitafutia sababu nyingine ya kuishi, mara tumbaku, mara mahindi na mpunga, mara dhahabu ya wachimbaji wadogo. Katika mji wa namna hiyo watu hujuana kwa kabila, kwa dini, kwa deni na kwa siri: Mbende, Mkonongo, Mpimbwe, Mfipa, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na Mrundi aliyekimbia.

Ajabu ni kwamba hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia penye mzimu, na jina la Katavi lenyewe latokana na mzimu. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Kazi ile ya ukaguzi ilimpitisha, naona, katika mashamba na majumba ya watu akiangalia yale ambayo wenyeji hawapendi yaangaliwe. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Humo mtu auawa na maiti yake yaonekana mahali pa mzimu, pale ambapo kila mtu ana sababu ya kuogopa na hakuna aliye na sababu ya kuuliza. Ndipo aja mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, aikataa hofu, auliza maswali, na aonyesha kuwa mkono ulioua ni mkono wa binadamu. Na huku kwetu, kando ya Ziwa Katavi, upo mkwaju unaosemwa kuwa ni makazi ya roho ya Katabi, mwindaji wa zamani, ambapo watu huacha sadaka kabla ya kwenda mawindoni au wakitaka mvua. Kati ya Unguja na Katavi pana bara zima, lakini mti ule na mzimu ule vyasomana.

Bwana Msa alikuwa wa mahali. Mikarafuu, njia za mashamba, kahawa ya barazani, nasaba za watu na mirathi yao, yote hayo yalikuwa ndani ya fumbo na ndani ya ufumbuzi. Waliomfuata walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla, kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliuingiza upelelezi katika mji wa bara wenye simu na magari; Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, alimtuma jasusi wake Willy Gamba katika miji mikuu ya Afrika kuwatetea wapigania uhuru; na Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, jirani yetu wa kaskazini, alimleta mpelelezi Joram Kiango na usiku wa Dar es Salaam. Nawaheshimu sana waandishi hawa. Waliwafanya vijana wengi waliokuwa hawana vitabu wapende kusoma, na katika kurasa zao imo kweli ya zama zile, zama ambazo makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam na majasusi wa makaburu hawakuwa hadithi ya kubuni. Lakini aghalabu ardhi ilipungua katika kazi zao ikawa hoteli, uwanja wa ndege na barabara ya kukimbizia gari. Adui alikuja kutoka nje. Lile swali la Sjöwall na Wahlöö, kwamba katika nyumba yetu wenyewe nani amesahauliwa, halikupata nafasi ya kutosha, na mwandishi wa Kigoma, ambaye aliijua miombo, aliiacha miombo akaenda mjini, kama walivyokwenda wasomaji wake.

Huku nyuma miombo ilibaki na mafumbo yake, na kwa kukosa mpelelezi wa riwaya ikawa na wapelelezi wa namna nyingine. Nawakusudia Kamchape. Katika Ufipa, Katavi na Kigoma neno hilo halihitaji sherehe: ni wale wanaojitokeza kijijini wakidai kuwajua wachawi, huingia nyumba za watu, hufukua pembe na hirizi wanazosema zilizikwa humo, humtaja mwenye kosa mbele ya umati, na huondoka na malipo. Mwanachuoni Roy Willis aliandika habari za Kamchape wa Ufipa tangu 1968, na sheria ya kuzuia uchawi ni ya mwaka 1928, lakini sheria na uchunguzi havikuikomesha ada hiyo, kwa kuwa inajibu haja ya kweli. Mtoto amekufa ghafla. Mama hataki kusikia neno homa, ataka kujua kwa nini mwanawe na si wa jirani. Kamchape humpa jibu jioni ileile. Daktari wa maiti yuko mbali, njia imekatika, na hata akija jibu lake halina jina la mtu.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya hadithi ya kaskazini na ile itakayoandikwa Katavi. Wallander ana tabu ya kupata ushahidi kwa sababu watu wa kwao wanaishi mbali mno wao kwa wao. Mzee aweza kufa nyumbani kwake na asijulikane kwa majuma. Mpelelezi wa Katavi atakuta kijiji kizima kinajua, au kinadhani kinajua, na kimekwisha kuhukumu. Shahidi wake hanyamazi kwa upweke. Ananyamaza kwa sababu gari la polisi litaondoka na vumbi lake, naye atabaki palepale, atachota maji kisima kilekile na ndugu wa mshtakiwa, na pengine mkewe ametoka katika ukoo wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo kazi ya mpelelezi wetu itakuwa ngumu maradufu: kumtafuta mwenye hatia, na kumwokoa asiye na hatia, ambaye mara nyingi ni bibi kizee aishiye peke yake na ambaye kosa lake ni kwamba ameishi kuliko wanawe. Bwana Msa aliikataa hofu katika kitabu. Anatakiwa mtu wa kuikataa penye umati.

Sasa nairudia habari ya wakimbizi. Mwaka 1972 maelfu na maelfu ya Warundi walikimbia mauaji ya kwao wakaingia Tanzania, na serikali ikawapa ardhi katika mapori ya magharibi: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na tangu 1978 Mishamo. Walifyeka miombo, wakalima, wakalisha miji. Katika 1985 na 1986 Liisa Malkki, mwanaanthropolojia mwenye asili ya Ufini, alikaa nao Mishamo akawasikiliza, na kitabu chake juu yao kikatoka 1995. Alichokisikia ni simulizi ya jinai ambayo kila mzee aliisimulia karibu kwa mpango mmoja: nani aliuawa, kwa silaha gani, kwa hila gani, na nani aliyekuwa ameandaa orodha ya majina. Watu waliokosa mahakama walikuwa wamejitungia kumbukumbu ya mashtaka, wakaihifadhi kwa mdomo katikati ya pori, na watoto waliozaliwa Mishamo wakaikariri habari ya damu ambayo hawakuiona. Sijui mfano wa kutosha zaidi wa nguvu ya hadithi ya jinai kuliko huo. Na kwamba msikilizaji wao alitoka nchi za theluji ni jambo la kutufikirisha sisi tuliokuwa jirani, tuliopanda nao mabasi na kununua maharage yao bila kuwauliza.

Zaidi ya 160,000 kati ya wale Warundi na vizazi vyao walikubaliwa kuwa raia, na hati zao zikaanza kutolewa Oktoba 2014. Lakini uraia wa karatasi hauondoi mara moja dhana mbaya. Kila panapotokea ujambazi njiani, lipo jina linalotangulia kutajwa kabla ya uchunguzi, na jina hilo ni la yule aliyekuja mwisho. Leo Mrundi, kesho mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake. Kauli ya mke wa mkulima wa Uswidi katika riwaya ya Mankell ingeweza kutamkwa katika kijiji chochote kando ya reli ya Kaliua, na matokeo yake yangekuwa yaleyale. Tena jinai nyingine za huku zina mwanzo porini na mwisho mbali sana: tembo huanguka katika miombo, mpiga bunduki maskini hufungwa, na mnunuzi hukaa mjini kwa heshima. Kesi ya Yang Fenglan, aliyehukumiwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kifungo cha miaka 15 mwezi Februari 2019 kwa biashara ya pembe za ndovu, ilionyesha jinsi uzi ule unavyoweza kufuatwa hata mjini pakiwa na nia. Riwaya ingeweza kuufuata kwa undani usiowezekana mahakamani, ikamwonyesha yule mpiga bunduki akiwa mtu mwenye watoto na deni la mbolea ya tumbaku.

Simwombi mwandishi wa Katavi aige huzuni ya kaskazini. Kiza kile ni chao, na mpelelezi anywaye peke yake dirishani si mtu wa kwetu. Wa kwetu atakuwa na mama mkwe anayemngojea, na shemeji mwenye kesi. Ninachomwomba akiige ni ule uaminifu wa kuitazama nyumba yake bila kuipaka rangi. Aandike kiangazi cha Ikuu na masika ya Mishamo kama mtu ajuaye ni mwezi gani nyayo hufutika. Aandike garimoshi la Kaliua, mizani ya tumbaku, baraza la wazee la Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na polisi kijana aliyeletwa kutoka Pwani asiyejua bado nani ni ndugu wa nani. Awape Warundi wa Katumba majina, kazi na ucheshi, wasiwe kundi la washukiwa tu. Na ampe bibi kizee wa Inyonga wakili.

Mlango uko wazi. Shindano la serikali ya kikoloni ndilo lililotupatia Bwana Msa. Leo taifa lina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na nje ya mipaka yetu ipo Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoasisiwa 2014. Walimu wa sekondari za Mpanda, Nsimbo, Mlele na Tanganyika, nawasihi muwaambie wanafunzi wenu habari za tuzo hizo, na muwaruhusu waandike juu ya vijiji vyao kwa majina yake.